Siku ya Israeli kambini: jiko linapata alama, jukwaa linapoteza

Kabla hujatazama picha za watoto waliovaa buluu na nyeupe, iulize kambi yoyote ya kiangazi ya watoto wa Kiyahudi swali moja: Siku ya Israeli mmeiweka tarehe ngapi? Jibu litakueleza kama waandaaji wanaijua kazi yao au wamefungua kalenda ya ukutani wakachagua siku iliyokuwa tupu.

Sikukuu yenyewe ya uhuru wa Israeli huangukia mwezi wa Iyari wa kalenda ya Kiyahudi, yaani Aprili au Mei, watoto wa Marekani wakiwa bado madarasani. Kambi za kiangazi hufunguliwa Juni. Ndiyo maana kila kambi hujiwekea siku yake, na mitego ipo hapo. Wa kwanza ni Ijumaa. Mishumaa ya Sabato huwashwa, kwa desturi ya wengi, dakika 18 kabla jua halijatua, na jiko liwe limeshamaliza kazi zote. Siku yenye makarai ya mafuta, vibanda vya soko na watoto 200 wenye unga hadi masikioni haisafishiki kwa muda huo. Mtego wa pili ni majuma matatu ya kuomboleza kubomolewa kwa Hekalu la Yerusalemu, kuanzia 17 Tamuzi hadi 9 Avi za kalenda hiyohiyo ya Kiyahudi. Kambi zinazoshika desturi hiyo hunyamazisha ala za muziki. Zikifika siku tisa za mwisho, nyama haipikwi isipokuwa kwa Sabato, na hata kuogelea kwa kujifurahisha husimama. Mwaka 2026 kipindi hicho kinaanza 2 Julai na kuishia kwenye mfungo wa tarehe 22 jioni hadi 23 usiku, katikati kabisa ya msimu. Mwenye hesabu zake atasherehekea mwishoni mwa Juni, au atangoja 15 Avi, ambayo mwaka huo ni 29 Julai. Sisi tungechagua hiyo ya pili bila kusita: Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, inasimulia kwamba siku hiyo mabinti wa Yerusalemu walitoka na nguo nyeupe za kuazimana wakaenda kucheza katika mashamba ya mizabibu. Ukiwa na sababu kama hiyo, usiku wa ngoma umeshajipanga wenyewe.

Tunachokipima hapa ni huduma yenyewe kama inavyotolewa katika kambi za kulala za Marekani na Kanada, bila kuichagua kambi moja. Mizizi yake ni ya zamani. Kambi za Cejwin zilianza 1919 katika jimbo la New York. Massad ilianza 1941, ikahamia milima ya Poconos huko Pennsylvania, na iliendeshwa kwa Kiebrania hadi kwenye uwanja wa besiboli. Ikabidi watunge istilahi za mchezo ambao Tel Aviv yenyewe haikuucheza. Kambi ya kwanza ya mtandao wa Ramah ilifunguliwa 1947 huko Conover, Wisconsin, na kambi ya Wayahudi wa madhehebu ya Reform ikafuata Oconomowoc, jimbo hilohilo, mwaka 1952. Massad ilifunga milango 1981, lakini kivuli chake kinaonekana kila mahali: mtoto anaongea Kiingereza, ila bwalo analiita hadar okhel, mlezi wake ni madrikh na zahanati ni mirpaa. Msomaji wa Nairobi, aliyezoea lugha mbili kukaa kwenye sentensi moja bila kugombana, hatashangaa. Kasoro ni kwamba maneno hayo yote ni majina ya vitu. Mtoto anakaa majuma manne na kurudi nyumbani bila kitenzi hata kimoja. Dawa yake ni rahisi na tutaifikia sokoni.

Kazi ya siku hii huangukia ujumbe wa vijana kutoka Israeli, ambao Shirika la Kiyahudi la Israeli huwasambaza kila kiangazi katika kambi za Amerika ya Kaskazini. Jumla yao hupita elfu moja. Wengi wana umri wa miaka ishirini na kidogo, wametoka kumaliza jeshi. Ni hazina, na kambi nyingi huitumia vibaya kwa namna moja ileile: huwapa jukwaa. Wanaandikishwa mchezo wa kuigiza kwa Kiingereza, historia ya miaka elfu tatu kwa dakika arobaini, vipaza sauti vikikoroma, na watoto wa miaka minane wameketi juani. Wale wadogo huanza kung'oa nyasi kabla Ibrahimu hajafika Kanaani. Mpe kijana huyohuyo meza, kisu, kilo kumi za matango na watoto kumi na wawili, umuulize bibi yake alitoka wapi, utapata Israeli kamili: bibi wa Morocco, babu wa Poland, jirani wa Yemen, na ugomvi usiokwisha kuhusu nani anajua kupika.

Twende jikoni, kwa sababu siku inafaulu au kuanguka huko.

Falafeli ndiyo mtihani wa kwanza. Dengu ziwe kavu, zile nene za rangi ya maziwa ambazo Waarabu huziita humusi, ziloweke saa 12 hadi 24 katika maji mengi, kisha zisagwe mbichi. Zisichemshwe. Zisitoke kwenye kopo. Anayepika bagia za kunde Zanzibar hahitaji maelezo: punje iliyoiva imeshapoteza wanga wa kushikilia, na ukiitupa kwenye mafuta inasambaratika kuwa uji. Jiko la kambi linalofungua makopo kwa sababu ya haraka huishia kuongeza unga wa ngano ili donge lishike, na hapo falafeli inakuwa nzito kama jiwe, na mtoto asiyekula ngano amekosa chakula. Kwa watu 200, ukihesabu vipande vitano vya gramu 25 kwa kila mmoja, unahitaji kilo 25 za mchanganyiko. Dengu kavu kilo 10 zikilowekwa huwa kama kilo 20 au zaidi kidogo. Zinazobaki ni vitunguu, vitunguu saumu, giligilani, pasli, bizari nyembamba na chumvi. Bikaboneti ya soda iingie dakika chache kabla ya kukaanga, si usiku uliopita. Mafuta yawe kati ya nyuzi 175 na 180, na kipimajoto kisitoke mkononi. Kosa la kawaida ni kujaza karai: vipande thelathini vya baridi vikiingia pamoja, joto linashuka, falafeli inakunywa mafuta na kupasuka. Kaanga kidogokidogo, dakika tatu hadi nne.

Majani mabichi yanakula muda kuliko kitu kingine chochote. Katika jiko la kosheri, yaani linalofuata sheria za Kiyahudi za chakula, giligilani, pasli na nanaa hukaguliwa wadudu, kwa hiyo huloweshwa, husuuzwa na kutazamwa chini ya taa. Ratiba inayotoa nusu saa kwa kazi hiyo imeandikwa na mtu asiyewahi kuifanya. Anza asubuhi ya jana yake.

Tahina ina mchezo wake. Ukiweka ndimu kwenye rojo la ufuta, linakaza na kuwa kama udongo wa kufinyangia, na mpishi mgeni hudhani limeharibika akalitupa. Subiri. Ongeza maji ya baridi kijiko baada ya kijiko huku unapiga. Litalainika, litakuwa jeupe na kuteleza. Saladi ni ndugu wa kachumbari: matango na nyanya zilizokatwa vipande vya sentimita moja au chini ya hapo, mafuta ya zeituni, ndimu. Kadiria gramu 150 kwa mtu. Chumvi itiwe wakati sahani zinatoka. Ukiitia saa moja kabla utapeleka bwaloni beseni la supu.

Shakshuka, mayai juu ya rojo la nyanya na pilipili hoho, inapendeza kwenye picha na inatesa kwenye jiko kubwa. Mayai mawili kwa mtu ni mayai 400 kwa watu 200. Kila yai hupasuliwa kwanza kwenye kikombe na kutazamwa, kwa sababu lenye doa la damu hutupwa. Bila kikombe, doa moja linaharibu trei nzima. Panga watu wawili kwa saa nzima kwa kazi hiyo peke yake. Halafu rojo la moto halijui kwamba oveni imezimwa: linaendelea kuivisha mayai njiani hadi bwaloni. Trei zitoke oveni ute ukiwa bado unatikisika, la sivyo utakula raba nyekundu. Kwa kambi yenye watu zaidi ya 150 tungeiacha shakshuka iwe ya mabanda mawili au matatu kwenye jiko la nje, wala tusiihubiri kama kifungua kinywa cha wote.

Mkate ndio unaotoa furaha kubwa kwa gharama ndogo. Chuma cha duara kilichobinuka, saji, kinawekwa juu ya moto wa kuni, donge linatandazwa jembamba na kutupwa juu. Yeyote aliyewahi kusukuma chapati atajiona yuko nyumbani. Chuma kipate moto dakika kumi hadi kumi na tano. Tone la maji likirukaruka, kiko tayari. Moto uwe makaa, kwa sababu ndimi za moto hubabua katikati na kuacha kingo mbichi. Unga ukianza kupita kilo moja na robo hivi, kambi inayoshika sheria hutenga kipande kidogo cha donge kiitwacho hala, na kuanzia karibu kilo moja na theluthi mbili husoma baraka yake. Rabi wa kambi ndiye mwenye neno la mwisho juu ya vipimo. Mwambie mtoto sababu kabla ya kukitenga, maana wengi wakiona donge likitupwa motoni hudhani mtu amekosea.

Kuhusu afya, usione haya kuuliza. Sheria ya Marekani iliuongeza ufuta kwenye orodha ya vizio vikuu vya chakula kuanzia 2023, na ufuta umejaa siku hii: tahina, humusi iliyopondwa na tahina, halva, hata mikate ya pita iliyonyunyiziwa. Bamba, vile vitafunio vya mahindi na karanga ambavyo watoto wa Israeli wamelelewa navyo tangu miaka ya 1960, haviruhusiwi kabisa katika kambi zisizotumia karanga. Krembo ni kichekesho kingine: ni povu tamu lililovikwa chokoleti, na Israeli wenyewe hukiuza majira ya baridi kwa sababu hakivumilii joto. Kambi inayokiagiza kwa bei ya ndege ili kigawiwe mwezi wa Julai imenunua tope.

Soko, ambalo wao huliita shuk kwa kuigiza Mahane Yehuda la Yerusalemu au Karmeli la Tel Aviv, ni wazo zuri linalouawa na foleni. Watoto 150 wakiachiwa pamoja, mia wataganda kwenye falafeli na kibanda cha viungo kitakaa na mlezi mmoja akipunga nzi. Gawanya makundi sita ya watoto 25, vituo sita, dakika 25 kila kimoja na dakika tano za kuhama: saa tatu zimekwisha. Kituo cha kukaanga kiwe mwisho wa upepo, mbali na njia ya watoto, na kizuiwe kwa kamba. Dawa ya vitenzi tuliyoahidi ni hii: hakuna kununua bila sentensi. Mvulana aseme ani rotse, msichana ani rotsa, yaani nataka, aulize “kama ze ole”, yaani ni bei gani, abishane. Pesa za karatasi zigawiwe chache makusudi, maana mwenye pesa nyingi hana haja ya kuongea. Hapa ndipo vijana wa Israeli wanang'aa, kwa kuwa kupandisha bei na kujifanya wamekasirika hawahitaji kufundishwa.

Ngoma tunaipa alama za juu, ikiwa itafundishwa polepole. Hizi si ngoma za kale kama watoto wanavyodhani. Nyingi zilitungwa na watu wenye majina. Gurit Kadman aliandaa tamasha la kwanza huko Dalia, kibutsi, yaani kijiji cha ushirika, mwaka 1944, na hatua zake zilichanganya Waromania, Wayemeni na debka, ngoma ya Waarabu. Mayim, iliyotungwa miaka ya 1930 kusherehekea maji yaliyopatikana, ndiyo ya kuanzia. Duara linakwenda kushoto: mguu wa kulia unavuka mbele ya wa kushoto, wa kushoto unakwenda pembeni, wa kulia unapita nyuma, wa kushoto pembeni tena kwa kuruka kidogo. Rudia mara nne. Kisha hatua nne mkimbilie katikati mikono ikipanda, nne kurudi, mara mbili. Mwalimu mwenye haraka huwasha muziki dakika ya pili. Nusu ya watoto wanavuka nyuma kwanza, wanagongana magoti, wakubwa wanacheka, wadogo wanatoka. Hesabu kwa mdomo kwanza, mwalimu akiwapa mgongo wale walio nyuma yake ili kulia kwake kuwe kulia kwao. Duara likipita watu 40, wa nje wanavutana na kuanguka. Tengeneza maduara mawili, dogo ndani ya kubwa. Na ndara zivuliwe. Ndara moja iliyoruka hewani imeshavunja miwani zaidi ya moja katika historia ya kambi.

Mchezo wa jeshi tungeufuta. Kambi kadhaa bado huwalaza watoto kwenye tope, zikawaamrisha kwa Kiebrania cha kufokafoka, kwa kuiga mafunzo ya vijana yanayoitwa gadna. Watoto hufurahia tope, hilo halina ubishi. Lakini wanaofoka ni vijana waliovua sare juzi, na tangu vita vilivyoanza Oktoba 2023 baadhi yao wanabeba mambo ambayo hayafai kuwa mchezo wa dakika 25 kabla ya chakula cha mchana. Mwachie mlezi aamue mwenyewe kama anataka kuzungumzia jeshi, na watoto wakubwa, wa miaka 15 au 16, wakae naye chini ya mti wamuulize.

Kwenye uwakilishi wa watu, kambi nyingi bado zinaonyesha Israeli ya picha za mwaka 1955: kofia ya kitambaa, jembe, chungwa. Raia mmoja kati ya watano wa Israeli ni Mwarabu, na humusi, falafeli na debka havikuanguka kutoka mbinguni juu ya kibutsi. Msomaji wa Muscat ataliona hilo kwenye sahani kabla hajakaa. Kambi bora hulisema waziwazi, kwa sentensi mbili, mezani. Zile nyingine hulikwepa, na watoto wakubwa hulitambua upesi kuliko wazazi wanavyofikiri.

Kituo ambacho tungependa kukiona kila mahali ni cha Waisraeli wenye asili ya Ethiopia. Zaidi ya watu 14,000 walisafirishwa kwa ndege kutoka Addis Ababa ndani ya muda wa kama siku moja na nusu mnamo Mei 1991, na sikukuu yao ya Sigd, siku 50 baada ya Yom Kippur, Siku ya Upatanisho, iliingizwa katika sheria za Israeli mwaka 2008. Onyo la kiufundi: injera, mkate wao mwembamba wa kuchachusha, haiharakishwi. Unga wa teff, nafaka ndogo ya Ethiopia, uchachuke siku mbili hadi tatu. Jiko linaloweka hamira na siki ili limalize kwa saa mbili hutoa chapati ya maji yenye uchachu wa bandia. Kama hamna siku tatu, fanyeni dabo, mkate mnene wenye asali, au andaeni kahawa: kaangeni buni mbichi mbele ya watoto, chomeni ubani, mpitishe kikaango kila mtu anuse.

Ramani ya Israeli iliyotengenezwa kwa aiskrimu ipite bila maneno. Bahari ya Chumvi huyeyuka ndani ya Galilaya kwa dakika nne.

Usiku ni moto wa kuni. Uwashwe angalau saa moja kabla, kwa sababu viazi vilivyofungwa kwenye karatasi ya alumini huiva ndani ya makaa kwa dakika 45 hadi saa nzima. Kwenye ndimi za moto hupata ngozi nyeusi na moyo mbichi. Walezi hupikiwa kahawa ya finjani, binamu wa kahawa ya mdila ya Mombasa: kijiko cha chai kilichojaa, gramu kama saba, kwa kikombe cha mililita 100, pamoja na iliki iliyosagwa. Ikipanda, itoe, irudishe, mara tatu. Iache itulie dakika tatu kabla ya kumimina, maana Waisraeli huiita botz, tope, kwa haki. Watoto wapewe chai ya nanaa.

Kuhusu gharama, siku hii haina tiketi yake. Imo ndani ya ada ya kambi, na kambi nyingi za kulala hutoza zaidi ya dola 1,000 kwa juma. Kwa familia ya Kiyahudi inayompeleka mtoto mara ya kwanza upo mpango wa One Happy Camper, unaosaidia hadi dola 1,000 kwa wanaostahili. Kijana wa Afrika Mashariki anayekwenda Marekani kwa J-1, viza ya muda ya mabadilishano, kufanya kazi jikoni au bwawani ajue kanuni mbili kabla hajafika: usiingize chakula chako ndani ya jiko la kosheri hata kama ni pakiti ya biskuti, na usihamishe kijiko kutoka upande wa maziwa kwenda upande wa nyama. Ukikosea, usikioshe na kukirudisha kimyakimya. Mwite msimamizi wa kosheri, mwonyeshe kijiko, mwambie kilipokuwa.